Wanasema Ndosho Ni ya Waliokosa Kwingine

Dokta Muhindo,

Usisimame. Ni mimi tu, Paluku, fundi wa viatu, yule wa ukuta wa kituo chako cha afya. Najua ungekuwa hai ungetazama saa kwanza, kisha ungesema, "Muzee, sema haraka, wamama wananingoja." Sasa huna saa na huna wamama. Utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende. Nimengoja miezi saba kukupata hivi.

Naandika sababu nimekatazwa kutembea. Muguu wangu wa kushoto uko juu ya kiti, umefungwa bandeji kama mutoto wa juzi, na aliyenikataza nitakueleza ni nani. Shule yangu unaijua: darasa la tano, halafu mwalimu alichoka na mimi kabla sijachoka naye. Kwa hiyo usinisahihishe herufi. Mwandiko wako mwenyewe ulikuwa aibu. Watu walikuwa wanatoka na karatasi yako wanapita kwangu, "Muzee, hapa Dokta ameandika nini?" Na mimi nilikuwa nawajibu, Mungu anisamehe.

Kwanza nikugombeze, nipone. Ulikufa kwa tansio, ile presha ya damu. Wewe! Miaka kumi na moja ulinifunga kile kitambaa ku mukono, ukakijaza upepo, ukasikiliza, ukanikaripia juu ya chumvi kwenye samaki wa sambaza. Kumbe mukono wako hakuna aliyeupima. Jumanne asubuhi Mama Zawadi, muuguzi wako, alitoka nje akaniambia, "Dokta ameanguka kwake akivaa soksi. Hakuamka." Nilicheka, Dokta. Nilifikiri ni mazoezi yetu ya magonjwa ya uongo. Nikasema, "Mwambie atafute uongo mwingine." Ndipo nikaona uso wake. Kile kicheko bado kiko hapa kwenye koo, na sijakusamehe.

Siku ya mazishi walisema mengi mazuri. Padri alisema ulikuwa mutumishi. Shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, alisema ulikuwa baba wa Ndosho. Hakuna aliyesema kwamba uliajiri muzee muongo kwa kikombe cha chai ya maziwa na mukate. Waliona haya. Mimi sioni.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa nashona sandale. Ukatoka, ukanisimamia: "Muzee, unajua kudanganya?" Nikakujibu, "Nimeoa mara mbili." Ukasema, "Ingia." Ndani walikuwa wanafunzi wawili wa udaktari, wametumwa na fakilte yao ya chuo kikuu wafanye staji, mazoezi ya kazi, kwako, majoho meupe mapya, kalamu nne mufukoni kila mumoja. Ukanipa ugonjwa pale mulangoni, sikioni: "Kichwa kinakuuma kila asubuhi. Ukweli ni kwamba mukeo anaacha jiko la makala linawaka ndani ya chumba mnacholala, na dirisha mumeziba na gunia. Usiseme mpaka wakuulize." Hawakuuliza. Kabla sijakaa vizuri nilikuwa na vidonge mukononi. Ukawatazama. "Analala wapi? Anapika wapi? Anaitwa nani?" Ukasema, "Basi mumetibu kichwa cha nani?"

Tangu siku ile kila kundi la staji lilipita kwangu. Nilishakuwa na minyoo, na huzuni ya mujane, na mugongo wa mutu anayebeba mizigo huku mutoto wake mukubwa amelala nyumbani. Siku moja nilisema nina mimba, ya miezi minne, na yule kijana wa miwani akaandika "mimba" bila kuinua kichwa. Ulitoka nje ukashika ukuta ukicheka, mpaka wagonjwa wakafikiri unalia.

Lakini kazi yetu nyingine haikuwa mchezo. Ulinifundisha ukiwa umechutama karibu na sanduku langu la nyuzi: "Mama mwenye mimba akikuletea viatu uvipanue, usivipanue. Mulete kwangu. Asipange mustari." Kwa sababu miguu ikivimba, mutu anakimbilia fundi wa viatu kabla ya dokta. Nani mwingine angejua hivyo? Huko kwenye mahospitali makubwa nani amewahi kumufundisha kazi fundi wa viatu?

Sasa nikupe habari, na ya kwanza ni mbaya. Mwezi wa pili tangu ulale, mama mumoja wa Katoyi alikuja na viatu vyake vyeusi vya kanisani. "Papa, nivutie kidogo, vinanibana." Niliacha sindano nikamushika mukono mpaka ndani. Mama Zawadi alikuwa amekwenda kuchanja watoto, kiti chako kilikuwa tupu, kimefunikwa na kitenge. Nikamutafutia moto, pikipiki ya abiria, akapelekwa hospitali ya mbali, akangoja huko kwenye koridoo nyuma ya watu wenye karatasi. Mama alipona. Mutoto hakupona. Sikuona njia ya kukuambia polepole, kwa hiyo nimekuambia hivi.

Ndipo nilipokasirika, Dokta, na hasira yangu unaijua, inacheka kwa mudomo tu.

Muji una shida zake, nyingine ulikufa unaziacha, nyingine zimezaliwa juzi. Madokta wengi wameondoka. Waliobaki wanataka kuwa wa moyo, wa mifupa, wa kupasua, au wanatafuta ONG, shirika la misaada, yenye gari kubwa kule Keshero. Kituo kikabaki na Mama Zawadi peke yake. Halafu akaja profesa wa fakilte, yule mwenye sauti ya redio. Alikuja kusema kwamba hawatatuma tena wanafunzi, sababu hakuna dokta wa kuwasimamia. Haya, hilo nalielewa. Lakini akaongeza, mbele ya Mama Zawadi na mbele ya wanafunzi watatu waliokuwa wanamaliza staji: "Wenye akili tusiwapotezee wakati. Ndosho ni mahali pa waliokosa kwingine."

Sasa sikiliza. Wakati anasema hayo, alikuwa amesimama na kiatu kimoja. Mawe yetu ya volkano yalikuwa yamemubandua soli pale alipokuwa anashuka gari, na kiatu kilikuwa kwangu, kwenye magoti. Nikaacha kushona. Nikamuuliza, "Profesa, na wewe umekosa fundi kwingine?" Wanafunzi wakaangalia chini wakitetemeka mabega. Nikamurudishia kiatu kikiwa nusu, soli inafunguka kama mudomo. Alikwenda mpaka kwenye gari akiinua muguu mumoja juu sana, kama mutu anayevuka maji. Mama Zawadi alinigombeza siku mbili. Alikuwa na haki. Lakini pale kwenye gari profesa alitoa kichwa nje: "Mukipata dokta mwenye karatasi ya kweli kabla mwaka huu haujaisha, nitarudisha wanafunzi. Hamutapata." Lile neno la mwisho ndilo lililonipa kazi.

Kati ya wale watatu kulikuwa na binti anaitwa Masika, mutoto wa Butembo, wa mwaka wa mwisho. Baba yake anauza vyuma na misumari hapa Goma. Wenzake walisema ndiye wa kwanza darasani. Nikasema mimi nitamutega huyu. Siku yake ya mwisho niliingia kwa Mama Zawadi nikaomba nafasi ya kufanya mazoezi kama zamani. Hakukuwa na wewe wa kunipa ugonjwa, kwa hiyo nikajipa mwenyewe. Kikohozi. Nyuma ya kikohozi sikuweka kitu. Nilitaka anipe dawa ya maji, nimucheke, kisha nimwambie: rudi ukajifunze hapa.

Akaniuliza jina. Akaniuliza naishi na nani, nakula nini, nani anapika. Akaniuliza kama naamka kukojoa. Nikasema, "Binti, kikohozi kiko huku juu." Akasikiliza kifua. Kisha akasema, "Muzee, vua viatu."

"Fundi wa viatu havuliwi viatu."

"Vua."

Nikavua. Kwenye kiatu cha kushoto, ndani, kulikuwa na musumari mudogo wa soli umesimama wima. Soksi ilikuwa na damu iliyokauka. Akaniangalia. "Hii haikuumi?" Nikamuuliza, "Nini?" Na sikuwa nadanganya, Dokta. Kwa mara ya kwanza kwenye kile chumba sikuwa nadanganya. Nilikuwa nimeukanyaga siku nyingi, mimi, mutu wa misumari, na sikusikia kitu. Akanitoboa kidole, akapima. Sukari. Akaisoma mara mbili.

Unajua alichoniambia baadaye? Kwamba alikuwa ameshasikia habari zetu, akafikiri nimeuweka ule musumari mwenyewe, na soksi nimeipaka rangi, kumujaribu. Ndiyo maana hakuharakisha, alitaka kushinda mutihani wa marehemu. Yaani mimi nilikwenda na ugonjwa wa uongo, nikatoka na wa kweli, na aliyenipima alidhani yote ni uongo mpaka mashine ilipomwambia hapana. Wewe pekee ungecheka vizuri.

Na kabla ya hapo, tangu ufe, nilikuwa nimekwenda mara mbili kwenye hospitali kubwa, na nimenyamaza juu yake sababu ya haya. Mutu wa macho alitazama macho. Mutu wa mafigo alitazama mafigo. Wote watu wazuri, wote walikuwa na mashine. Hakuna aliyetazama chini.

Masika ndiye aliyenikataza kutembea, akaanza kuja kwangu kila siku ya pili kunisafisha kile kidonda. Na mimi, kwa shukrani, nikamusumbua. Nilimwambia kiti kiko tupu. Akasema, "Muzee, mimi nitakuwa wa kupasua. Papa ameshawaambia wateja wote." Nikamwambia, "Vizuri. Siku muguu huu ukioza, utaukata vizuri sana, nitajivuna. Lakini leo, ni nani atauzuia usioze?" Alikaza bandeji mpaka nikasikia, na kusikia huko kukanifurahisha.

Nikaenda kwa baba yake. Ndiyo, kwa moto, muguu umenyooshwa mbele, watu barabarani wanakimbia. Ni mutu munene, mwenye heshima, anashika kisogo kila anapoongea, kama kinamuuma. Nikamwambia nimetoka Ndosho, namuombea binti yake kazi. Akadhani ni posa. Nilipomueleza, ikawa mbaya zaidi. "Muzee, nimeuza misumari miaka yote hii ili mutoto wangu akae Ndosho kuangalia mafua?"

"Papa Masika," nikamwambia, "musumari wako ndio ulionileta."

"Mafua kila mutu anaweza kutibu!"

"Wapi! Mafua yangu yalikuwa muguu."

Akanifukuza. Kwa heshima, lakini akanifukuza, na mwenye duka jirani akanisaidia kupanda moto. Niligeuka nikamuona bado ameshika kisogo.

Halafu ikaja siku ambayo fakilte inawaita wakubwa wa kazi mbalimbali waje kuwaambia wanafunzi wa mwaka wa mwisho njia za mbele. Mama Zawadi aliandika kuomba nafasi. Wakatupa ya mwisho, wakati watu wana njaa. Mbele yetu alipita mutu wa kupasua, na picha zake ukutani, kubwa, nyekundu. Alipita mutu wa ONG na shati lililonyooka. Kisha Mama Zawadi akasema maneno yake mazuri ya chanjo na uzazi, nusu ya wanafunzi wakaangalia simu. Ndipo akanigeukia, na nikaona kwamba anajuta kunileta.

Nilisimama na fimbo. Nimejaribu kukumbuka nilivyosema, nikuandikie bila kujipamba.

"Watoto, mimi si dokta. Mimi ni sukari, tansio na uongo, vyote katika koti moja. Mumeambiwa kupasua ni kazi ngumu. Hapana. Ni kazi rahisi: mutu amelala, hawezi kukudanganya. Aliye na nguvu kweli aje atibu mutu aliye macho." Wakacheka. Nikaona profesa wa kiatu amekaa mbele, viatu vipya. "Kuna mukubwa hapa amesema Ndosho ni ya waliokosa kwingine. Amesema kweli! Sisi ndio tumekosa kwingine. Ndiyo maana tunataka wa kwanza darasani, si wa mwisho. Huko juu mugonjwa anafika na karatasi inayosema anaumwa nini. Kwetu anafika na viatu vya kupanua. Ni nani kati yenu ana akili ya kutosha kuona ugonjwa kwenye viatu? Kama huna, usione haya, kuna kazi nyingine, nenda ukapasue."

Walipiga makofi, na kelele, na mumoja akapiga mluzi. Nikafikiri tumeshinda. Mama Zawadi aliweka daftari mulangoni kwa wanaotaka kuja. Walipita wote kwenda kula. Tukalifungua: majina matatu. Mumoja wao alikuwa ameandika "Paluku, mimba, miezi minne." Ile habari haifi. Masika alipita mbele yetu, akasalimia, akaendelea na wenzake. Hakushika hata kalamu.

Nilirudi nyumbani nikakataa kula. Nilikutukana siku ile, Dokta. Nilisema umetudanganya miaka kumi na moja, kwamba wewe ulikuwa wazimu wako peke yako, na wazimu hauachwi kwa mutu kama koti. Nilisema nitafunga sanduku langu nihamie ukuta mwingine, mbele ya benki, ambako watu wana viatu vya ngozi.

Siku zikapita. Masika akamaliza mitihani, akapata karatasi yake ya udokta, akaendelea kuja na bandeji, na mimi nikanyamaza, jambo ambalo muke wangu anasema halijawahi kuonekana.

Jumatatu iliyopita alikuja bila bandeji. Alikuwa na karatasi kutoka ofisi ya afya ya zoni, ina muhuri, ina jina lake na jina la kituo. Nikasoma polepole na kidole. Akasema, "Miaka miwili, Muzee. Kisha nitaona. Na usijivune, si sababu ya maneno yako. Maneno yako yalikuwa ya aibu." Nikamuuliza basi ni sababu ya nini. Akakaa kwenye kitanda changu, akachoka usoni. "Kutoka barabarani mpaka hapa kwako ni dakika tano. Siku ya kwanza nilitembea dakika tano. Sasa natembea saa nzima. Huyu ananisimamisha juu ya mutoto, huyu juu ya jicho, huyu anataka tu nimwambie kama mamake atakufa. Nikaona kwamba ile saa naingoja tangu asubuhi." Akakunja ile karatasi yake. "Papa haongei na mimi."

Nilipenga kamasi, nikasema ni baridi.

Nilibebwa kwenda kumuona akianza. Aliondoa kitenge juu ya kiti chako, akakikunja, akamupa Mama Zawadi. Kisha akavuta meza yako akaigeuza! Wewe ulikuwa unakaa mugongo kwa ukuta wa famasi, miaka yote. Yeye ameiweka inatazama mulango. Nilifungua mudomo nimugombeze, nimwambie Dokta hakukaa hivyo. Halafu akaingia muzee mwenzangu mumoja, na kabla hajafika kwenye kiti, binti akamuuliza, "Papa, nyonga hii inakuuma tangu lini?" Alikuwa amemuona akitembea. Nikafunga mudomo. Usikasirike. Yeye si wewe, na hatutamuomba awe wewe. Wewe ulikufa kwa sababu hukumwachia mutu kitu, hata mukono wako. Huyu siku ya kwanza alimwambia Mama Zawadi ampime tansio, mbele ya wote. Nilipenda hivyo kuliko nilivyokupenda wewe siku yetu ya kwanza, nakuambia ukweli.

Profesa ametuma wanafunzi wanne. Wataanza mwezi ujao. Katika barua yake hakuandika neno juu ya kukosa kwingine. Mama Zawadi ameibandika ukutani, nikasema iwekwe chini kidogo, wagonjwa wafupi nao waisome.

Sasa pumzika, Dokta wangu. Nimekutukana sana, na sijamaliza, lakini muguu umekufa ganzi na karatasi inaisha. Watakaokuambia huko kwamba maisha yako yalipotea kwa vikohozi na kuhara vya Ndosho, waambie wanitafute.

Mimi nimebakiza ahadi moja. Yule mwenye duka la vyuma, anayeshika kisogo kila akiongea, ana tansio kama wewe, ninaijua kwa mbali. Nitamurudia Alhamisi. Atanifukuza. Nitamurudia Alhamisi inayofuata, na fimbo yangu, na muguu wangu, mpaka wateja wake wachoke na mimi. Kabla ya mvua zijazo atakaa kwenye benchi ya Ndosho, nyuma ya wamama, bila kuruka mustari, na binti yake atamufunga kitambaa ku mukono, na wataongea wapende wasipende, sababu pale hakuna pa kutazama isipokuwa usoni.

Kwa hiyo usinitayarishie mahali. Mwaka huu siji. Nina mutu wa kuleta kwanza.

Ni mimi,
Paluku wa ukutani